Taa ilikuwa inawaka na dereva hakuiona: uchambuzi wa kisa cha taa ya nyuma ya baiskeli, barabara ya Mikindani

Mwenye kisa ni mchuuzi wa samaki anayekaa Mikindani, mtu mzima, hapa kijiweni wote tunamuita njomba. Ana baiskeli ya Phoenix ya zamani yenye keria pana na tenga nyuma, jioni anachukua samaki pwani anaingia nao Mtwara mjini kuwapelekea akina mama wanaokaanga Magomeni na Chikongola, ni kama kilomita 10 hivi, alafu usiku wa saa tatu saa nne anarudi na tenga tupu. Barabara ni hiyo hiyo moja, ndo inaleta mabasi ya Dar, ndo ya malori ya simenti, ndo ya malori ya makaa ya mawe yanayoenda bandarini, na msimu wa korosho ukifunguka foleni ya semi inaongezeka juu ya hapo.

Usiku mmoja wakati anarudi lori likampita karibu mpaka likakwaruza fito za tenga. Njomba akayumba akaingia kwenye mchanga, hakuanguka, Mungu mkubwa. Dereva akasimama mbele akashuka akarudi kwa miguu, na nampongeza kwa hilo maana wengine wanakanyaga mafuta tu. Akamwambia, "Shikamoo mzee, nisamehe sana, lakini kusema ukweli sijakuona kabisa, nilichokuja kuona ni kandambili zako zinapanda zinashuka na hapo nishakufikia." Njomba akamjibu, "Mwanangu, taa si hiyo hapo, inawaka?" Wakaenda nyuma ya baiskeli wote wawili kuangalia, na kweli taa ilikuwa inawaka.

Kesho yake akaja kwangu, mimi ni fundi baiskeli, akasema "fundi, hii taa haifai, nitafutie kali zaidi ya hii." Nimekiandika kisa hiki kirefu kwa sababu hilo ombi la "kali zaidi" ndo nalisikia kwa kila anayekuja kuuliza taa, na mara nyingi ukali siyo tatizo. Tatizo la njomba lilikuwa taa imekaa wapi, inaangalia wapi na inapata umeme wapi, ukali unakuja nyuma ya hayo yote.

Taa yenyewe ilikuwa mpya, ile ya kama yai, ya kuchaji kwa USB, ina kamba ya raba ya kufungia kwenye bomba la siti. Boksi limeandikwa lumens (kipimo cha wingi wa mwanga) 500, masaa 20, aina sita za kuwaka. Nikasimamisha baiskeli jioni giza lilipoanza kuingia, tukaweka tenga lake juu ya keria kama anavyolibeba, nikarudi nyuma hatua kama kumi. Nilichokiona ni wekundu hafifu ndani ya fito za tenga, yaani mwanga wote unapiga ukuta wa tenga unaishia humo humo. Nikisogea upande wa kulia kidogo kinatoka kijimstari chekundu, nikisogea kushoto hakuna kitu. Hapo niko hatua kumi na nimesimama nimekodoa macho, sa dereva aliyeko mita mia mbili ana gari linalokuja mbele limemuwashia fulu ataona nini?

Hizi taa za kwenye bomba la siti zimetengenezwa kwa baiskeli ambayo nyuma ya siti hakuna kitu, baiskeli za mazoezi na za mbio, mtu kavaa kijibegi kidogo mgongoni basi. Baiskeli zetu ni za kazi. Nyuma kuna tenga, kuna kreti, kuna gunia la mkaa, kuna mtoto, kuna ndoo mbili za maji zimening'inia. Kwa hiyo kabla hujauliza taa bei gani, pakia baiskeli yako mzigo mkubwa kabisa unaobebaga, alafu zunguka nyuma uangalie ni sehemu gani bado inaonekana wazi. Hiyo sehemu ndo inakuchagulia taa. Kama ni ncha ya keria unatafuta taa ya keria, kama ni madigadi unatafuta ya madigadi, na kama mzigo unafunika vyote unatengeneza kishikio cha chuma cha kuitoa nje ya mzigo, ndo tulichokuja kufanya kwa njomba.

Kuhusu yale maandishi ya boksi nataka kukaa kidogo maana watu wanaliwa hela hapa. Boksi lile lile lenye lumens 500 na masaa 20 lina maandishi madogo chini, betri 200mAh, 3.7V. Piga hesabu, 200mAh mara 3.7V unapata kama wati 0.74 kwa saa moja. Ili utoe lumens 500 za mwanga mwekundu unahitaji wati kama 5 hivi au zaidi. Sa 0.74 gawanya kwa 5 unapata dakika 9, haifiki hata nusu ya safari ya njomba. Kwa hiyo kama kweli inakaa masaa 20 basi inatoa mwanga kidogo sana, na kama kweli inatoa 500 basi itazima kabla hajatoka mjini, vyote viwili haviwezi kuwa kweli kwa betri ile. Mtu yeyote anaweza kufanya hii hesabu dukani kwa kikokotoo cha simu: mAh gawanya kwa 1000, zidisha kwa volti, unapata uwezo wa betri, alafu uangalie kinachoahidiwa kama kinaingia humo. Boksi lisiloandika uwezo wa betri kabisa mi nalirudisha kwenye shelfu.

Sa ukali unaohitajika ni kiasi gani? Tuanze na dereva. Lori zito kwa sheria yetu mwisho ni kilomita 80 kwa saa nje ya maeneo ya makazi, hiyo ni mita 22 kila sekunde. Njomba na mzigo anaenda kama 15 kwa saa, mita 4 kwa sekunde. Kwa hiyo lori linamkaribia kwa mita 18 kila sekunde. Taa za chini za gari zinamulika vizuri mita 40, 50, pengine 60 kama ni nzuri na kioo ni kisafi, mtu mwenye nguo nyeusi anaonekana karibu zaidi ya hapo. Chukua 50, gawanya kwa 18, ni sekunde 2 na kitu. Ndani ya hizo sekunde dereva atambue kwamba kile ni kitu, atambue ni baiskeli, aamue, akanyage breki au akate usukani, na gari dogo tu kwenye lami kavu kwa spidi ya 80 linahitaji mita zaidi ya 50 kusimama, sembuse lori lenye simenti. Haiwezekani. Ndo maana yule dereva aliona kandambili wakati keshamfikia na hakusema uongo.

Lakini taa nyekundu ndogo iliyotazama nyuma sawasawa inaonekana mita mia kadhaa gizani. Ikionekana mita 300 tu, dereva ana sekunde 16, hizo ni nyingi sana, anapunguza, anasubiri gari la mbele lipite, anahama, kila mtu anafika nyumbani. Na kwa usiku taa ya lumens 10 mpaka 30 inatosha kufanya hiyo kazi bila shida. Zile za lumens 100 kwenda juu zina maana mchana, ambapo inashindana na jua, na usiku zikiwa karibu zinamuumiza macho mwenzako aliye nyuma mpaka anashindwa kukadiria umbo lako.

Kutazama nyuma sawasawa, hapo watu wanapuuza sana. Taa nyingi za LED zinakusanya mwanga katikati, pembeni unapungua haraka. Ukiifunga imeinama, ukali wote unamulika lami nyuma ya tairi, ukiifunga imeinuka unamulika mnazi. Bomba la siti limelala nyuma kidogo, kwa hiyo taa iliyofungwa bila kurekebishwa inaangalia chini. Kupima ni rahisi: egesha baiskeli mahali tambarare karibu na ukuta kama mita tatu, mgongo wa baiskeli uelekee ukutani, washa, tafuta pale panapong'aa zaidi ukutani kisha upime kutoka chini. Panatakiwa pawe urefu sawa na taa yenyewe au pungufu kidogo tu.

Njomba alikuwa anaiweka kwenye kupepesa haraka haraka kwa sababu muuzaji alimwambia inavutia macho. Ni kweli inavutia, mwanga unaowaka na kuzima jicho linauona upesi, ila ukishauona unashindwa kujua uko umbali gani na unakuja au unaenda, kwa sababu kila ukitaka kuushika umezima. Nchi zenyewe hazikubaliani, Uingereza wameruhusu taa ya baiskeli inayopepesa tangu 2005 ilimradi iwake kati ya mara 60 na 240 kwa dakika, Ujerumani taa ya baiskeli barabarani inatakiwa iwake moja kwa moja. Mimi kwa barabara ya giza kama ile ya Mikindani nashikilia kuwaka moja kwa moja. Ukiwa na taa mbili, moja iwake mfululizo na ya pili ipepese polepole, hapo umepata vyote. Na rangi ni nyekundu, siyo bluu, siyo zile za kubadilika rangi vijana wanafunga kwenye spoku, na siyo nyeupe hata siku moja, maana nyeupe inamwambia dereva kuna mtu anakuja mbele yake.

Tukaja kwenye umeme. Hapa nilimuuliza njomba maswali ya nyumbani kwake kabisa, unachaji simu wapi, saa ngapi, nani anashika chaja. Simu yake ni ya batani, anaichaji kwa jirani mara moja moja. Mtu wa namna hiyo ukimpa taa ya kuchaji kila siku ya pili umempa taa itakayozima njiani. Kijana anayekaa Ligula mwenye soketi pembeni ya kitanda na chaja ya taipu C ya simu, huyo mpe ya kuchaji, ni nafuu kwake, ila ajue betri ya ndani imefungwa na baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa itakuwa haitunzi tena. Za betri ya kidonge, zile CR2032, mpaka uende kwa fundi saa na bei yake inauma. Dainamo tuliifikiria kweli, maana Phoenix ya njomba bado ina kishikio chake kwenye foku, na dainamo ya kawaida ya volti 6 wati 3 inatoa wati 2.4 mbele na 0.6 nyuma, haiishi chaji. Lakini ile ya kusugua tairi inakaba mwendo, na mtu ana kilo za samaki nyuma, tairi likilowa inateleza, na ukisimama taa inazima labda iwe ile yenye kapasita ndani ya kutunza umeme kidogo. Kusimama pembeni ya barabara usiku kupanga mzigo ndo wakati unaihitaji zaidi. Tukaiacha. Ila kama baiskeli ingekuwa na dainamo ya kwenye habu, pale katikati ya gurudumu, ningeichagua hiyo bila kufikiri mara mbili.

Kilichobaki ni taa ya betri ndogo za rimoti, AAA mbili, ambazo kila genge na kila duka la Mangi zipo. Nikachimba kwenye boksi langu la vipuri vya baiskeli za mtumba za Ulaya nikapata taa ya keria, pana kama kiganja, LED katikati na rifleta nyekundu, ile ya kurudisha mwanga wa gari, imo humo humo, na ina ile alama ya kimstari cha wimbi na herufi K na namba. Ukiiona hiyo alama jua taa ilipimwa na kuruhusiwa kwa sheria za Ujerumani. Taa hizi huwa zina mashimo mawili ya nati kwa nyuma, umbali wa milimita 50 au 80, pima kwanza keria yako kabla hujalipa. Yetu ilikuwa ya 80 na keria ya njomba, keria ya kuchomelea ya hapa hapa, haina shimo hata moja.

Kwa hiyo nikakata kipande cha fletibaa, nikatoboa mashimo mawili, nikachomelea kwenye kona ya nyuma ya keria upande wa kulia, kimetoka nje ya tenga kama upana wa mkono. Kulia kwa sababu sisi tunakaa kushoto na gari linapita kulia kwako, kwa hiyo taa inamuonyesha dereva mwisho wa mzigo wako upo wapi. Sheria za Uingereza ambao nao wanakaa kushoto zinasema taa ya nyuma iwe katikati au kulia, urefu wa kutoka sentimita 35 mpaka mita 1 na nusu toka chini, yetu imeangukia kama sentimita 70, ipo salama. Nikaweka na washa ya raba kati ya taa na chuma maana kutingishika kwa barabara ndo kunaachanisha betri na springi, taa inazima kila ukipita kwenye tuta alafu inawaka tena, mtu anadhani betri mbovu.

Adui mwingine wa taa kwenye kisa hiki ni maji ya samaki. Kila ukifungua taa ya mchuuzi wa samaki unakuta springi imeota kutu ya kijani, na hapa pwani hata hewa yenyewe ina chumvi. Kwenye boksi za taa kuna namba, IPX4 maana yake inahimili maji ya kurukia kutoka pande zote, IPX7 inahimili kuzama mita moja kwa nusu saa. IPX4 inatosha kwa mvua zetu za Disemba mpaka Aprili ilimradi kizibo na kimpira chake viko sawa. Kwa njomba nilipaka mafuta ya mgando kidogo sana kwenye springi na nikamwambia akifika nyumbani aifute kwa kitambaa chenye maji baridi, yale ya bomba, kisha ikauke. Na betri zile za bei ya chini kabisa zinavuja zikiisha, zisikae humo zimekufa.

Kandambili sasa. Nilipozisikia kwenye maneno ya dereva nikajua tuna kitu kingine cha bure. Kuna utafiti wa Australia ulioonyesha kwamba vitu vya kung'aa vikiwekwa kwenye vifundo na magoti, dereva anatambua mwendesha baiskeli mapema kuliko kuvaa fulana ya kung'aa peke yake, kwa sababu jicho la binadamu linajua miguu inayozunguka. Kitu kinachopanda na kushuka barabarani usiku ni mtu, hakuna ubishi. Nikanunua utepe wa kung'aa ule wa malori kwenye duka la spea, nikabandika vipande kwenye pedeli mbele na nyuma, kipande kirefu kukata tenga kwa nyuma, na kimoja madigadi. Vifundoni tukashona utepe kwenye kamba ya lastiki anavaa juu ya suruali. Rifleta haichukui nafasi ya taa, inang'aa pale tu taa za gari zinapoifikia, lakini betri zikifa katikati ya njia ndo kitu pekee kimebaki.

Usiku tukaenda kupima barabarani. Kijana wangu akapanda baiskeli na tenga likiwa na mzigo, sisi tukabaki kwenye pikapu ya rafiki, mimi nimesimama juu ya bodi ili jicho langu liwe juu kama la dereva wa lori. Njomba yuko pembeni yangu. Baiskeli ikaenda ikapita kona, ikatokea tena mbali kabisa, taa ipo, nukta moja nyekundu imetulia. Tulipowasha taa za gari na kuifuata, ndo vile vipande vya pedeli vikaanza kupanda kushuka. Njomba akakaa kimya alafu akasema, "Kumbe ndo hivi wananiona." Akaniomba nimfungie taa na mwanae anayeenda na baiskeli shuleni alfajiri.

Kuna majaribio ya Denmark, mji wa Odense, watu zaidi ya 3,800 walifuatiliwa mwaka mzima, karibu nusu wakafungiwa taa zinazowaka muda wote baiskeli ikitembea hata mchana, zinazojiendesha kwa sumaku bila betri, na wenye taa walipata ajali za kuumia pungufu kwa asilimia 19. Ndo maana nilimwambia njomba aiwashe kuanzia pwani, jua likiwa bado lipo, siyo mpaka aone giza. Huku kwetu jua linazama mnamo saa kumi na mbili na giza linaingia haraka sana, ukisubiri kiza ndo usimame uwashe, dakika kama ishirini za hatari zaidi zimeshapita na macho ya madereva hayajazoea.

Gharama yote, taa ya mtumba, fletibaa na kuchomelea, utepe, betri, haikufika bei ya ile taa ya yai. Ile yai hatukuitupa, tumeifunga juu kabisa kwenye mshipi wa tenga, ikipepesa polepole, chaji ikiisha haina shida kwa sababu kazi kubwa inafanywa na ya chini.

Jambo moja bado tunalishughulikia. Siku za dagaa njomba anafunika tenga na turubai la nailoni na ncha yake inaning'inia upande wa kulia, upepo ukiipeperusha inaangukia juu ya taa. Nimemwambia aikate hiyo ncha aikunjie ndani na kuifunga kwa mpira wa tyubu, na kila akishapakia ashuke azunguke nyuma aangalie kabla hajaondoka. Nikipata bomba jepesi nitakirefusha kile kishikio kitoke sentimita nyingine tano.